Bwawa la Mama Lililoegemea Ziwani

Murhula, mdogo wangu,

Barua ya mtu asiye na kaburi inapelekwa wapi? Wengine waliofiwa wana msalaba wa mbao wa kusimama mbele yake, wanaongea weee, halafu wanarudi nyumbani wamepungukiwa mzigo. Mimi nimekaa hapa kijijini Miti, kwenye baraza ya mjomba Bisimwa, karatasi iko magotini, na sijui hata nielekee upande gani nikikuandikia. Ziwa halionekani kutoka hapa. Labda ni vizuri hivyo.

Najua ungecheka ukiona Kiswahili changu. Ungesema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "Yaya, andika kama vile unasemaka, hapa si darasani." Lakini nimefundisha watoto kuandika miaka mingi, na mkono wangu ukishika kalamu unavaa nguo ya Jumapili wenyewe. Univumilie. Pale Mama anaposema, nitamwacha aseme kama yeye.

Nakuandikia kwa sababu nyumba yetu ya Bagira, pale mlimani Bukavu, haipo tena. Nataka usikie kutoka kwangu, usije ukahangaika kuitafuta.

Nianzie pale ulipotuacha. Ulikuwa unakwenda kisiwani Idjwi kujionyesha kwa wazazi wa Furaha, mchumba wako, umevaa shati jeupe ambalo Mama alikupigia pasi akilalamika kwamba makaa ni mabichi. Ulisimama mlangoni ukaegemea fremu, kama kawaida yako. Wewe hukujua kusimama peke yako, Murhula. Ukuta, meza, bega la mtu, kila kitu ulikiegemea. Mama akakupigia kelele: "Weye mutoto, siku moja hii mulango itaanguka na weye!" Ukacheka, ukamwegemea yeye. Halafu ukashuka njia.

Mchana upepo ulikuja, boti ikapinduka. Wenzako wengi waliokolewa, na waliokufa wakapatikana. Wewe peke yako hukupatikana. Watu wa mitumbwi walituambia kuna mahali ambapo ziwa letu likishika mtu halirudishi. Walisema polepole, kama wanaomba msamaha kwa niaba yake. Furaha alikuja, akalala chini pamoja nasi siku zote za kilio, kisha akarudi kwao.

Wazee wa ukoo wakafika na kigogo cha mgomba. Unajua desturi: mtu asiye na mwili anazikiwa mgomba, ili roho yake ipate pa kulala. Walikuwa wameshakichonga vizuri, wamekifunga shuka. Mama akasimama mbele yao, akasema, "Mi nilizala mutu. Sikuzala mugomba." Wakakirudisha. Kwa hiyo hatukukuzika na chochote, na tangu siku ile Mama hakuangalia ziwa. Ukijua Bukavu unajua hilo si jambo dogo. Ziwa liko kila mahali, unageuka tu na linakuangalia. Yeye alitembea akitazama kuta. Dirisha la sebule, lile lililokuwa linatazama chini, alilipigilia kitambaa.

Mwaka mzima hivyo. Hakula vizuri, hakulala vizuri. Halafu siku moja ya kiangazi tulikuwa tunachambua maharagwe, akasema, "Nabintu, minataka maji." Nikamletea kikombe. Akakisukuma pembeni.

"Hapana. Minataka maji yenye itakaa hapa kwetu, mu bustani. Yenye minaweza kuona chini yake."

Baadaye nikaenda kumwita Papa Cirhuza, yule fundi uliyekuwa unambebea mawe ulipokuwa bado kijana. Aliweka mkono wake kichwani pangu kama kwa mtoto, akakubali.

Tulichagua pale mwisho wa bustani, juu kidogo ya nyumba ya jirani yetu Mama Faida, kwa sababu ndipo palipokuwa sawa. Wewe ungeita etangi, bwawa la samaki, lakini halikuwa shimo. Tulilijenga juu ya ardhi, ukuta unaofika kiunoni, ili watoto wa Mama Faida wanaocheza kwetu wasitumbukie. Papa Cirhuza alianza na mawe, akayashindilia, halafu matofari mistari miwili iliyoshikana. Kwa kupima usawa alitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ameujaza maji. Mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine, tukazunguka kona zote. Maji yakisimama kimo kimoja huku na huku, ukuta ni sawa. "Maji haidanganyake, madame," aliniambia. Ndani alipiga lipu, akalainisha kwa saruji nyepesi, na kona akazizungusha mviringo ili zisipasuke. Mama alibeba mchanga kwenye beseni. Siku moja lilimwagika miguuni pake, akacheka. Nilisimama na ncha yangu ya mpira mkononi nikimsikiliza. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Saruji mpya inaua samaki. Maji ya kwanza yanakuwa makali, na mafundi wa kwetu wanayatibu kwa mgomba: wanautupa ndani, unanyonya ukali wote. Mimi sikujua. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Mama amesimama kando ya bwawa, mikono miwili juu ya tofari, na ndani ya maji kigogo cha mgomba kinaelea, urefu wa mtu mzima. Papa Cirhuza alikuwa ameshaondoka, hana habari ya alichofanya. Nilidhani Mama atapiga ukelele. Alikiangalia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana:

"Basi. Kama ni hivi, akae."

Akaleta kiti. Akakaa naye mpaka jua likaondoka.

Murhula, kile kigogo hakikukaa katikati. Kila asubuhi nilikikuta kimegusa ukuta wa upande wa ziwa, ncha nene mbele. Nilikisukuma kwa mpini wa fagio mpaka katikati, naenda shuleni, nikirudi kimesharudi palepale. Upepo haukuwepo. Majani ya maharagwe hayatikisiki, na maji ni kama kioo, lakini kigogo kimesafiri. Mama hakunisaidia kukisukuma. "Muache," aliniambia. "Iko anaegemea tu."

Maji yalipokuwa tayari, Papa Cirhuza alikuja kukitoa. Kilikuwa cheusi, kimelowa, kizito kupita kiasi. Alishika upande mmoja, mimi mwingine, na hatukupatana lolote, lakini tulijikuta tunatembea taratibu, hatua moja na moja. Mama alikuwa nyuma yetu. Tulipofika kwenye ukingo wa bustani fundi akavua kofia, akachukua jembe, akachimba bila kuagizwa. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeimba. Tulifukia, tukanawa mikono, tukanywa chai.

Baada ya hapo tulipata miezi mizuri. Mjomba Bisimwa alituletea samaki kutoka huku Miti, ndani ya bidoni, dumu la plastiki, wadogo kama vidole. Mama alipanda maua kuzunguka ukuta na mboga za lengalenga chini yake. Asubuhi anawatupia samaki pumba, anawasemesha, anakula chakula chake mwenyewe palepale. Alianza kulala. Watoto wa Mama Faida walipanda juu ya mawe kuchungulia, na Mama akawa anawashika kiuno. Nilikuwa namwangalia kutoka jikoni nikisema, kumbe huzuni ya mtu inaweza kujengewa ukuta ikatulia.

Kitu kimoja tu. Samaki wote walikaa kona moja. Bwawa zima ni lao, lakini wanasongamana kona ya chini, upande wa ziwa, vichwa vyote vinaangalia ukutani.

Mvua zilipoanza nikaona lingine. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa. Nilisimama na viatu vyangu vya kanisani mbele ya bwawa, nikaona kuna kitu hakiko sawa kabla sijajua ni nini. Halafu nikajua. Upande wa nyumba, juu ya maji kulikuwa na ukuta mkavu wa kimo cha tofari zima. Upande wa ziwa, maji yalikuwa yanalamba ukingo. Maji hayapandi upande mmoja, Murhula. Hilo nawafundisha watoto wadogo kwa glasi. Lakini yalikuwa yamepanda.

Nilimwita Papa Cirhuza. Akaja na mpira wake. Tulipima. Akaniomba tubadilishane ncha, tukapima tena. Alipitisha kiganja chake ukutani kote, ndani na nje, akitafuta ufa. Hakuna. Lipu nzima, kona nzima, hakuna tone lililovuja. Akakaa juu ya jiwe.

"Madame, mi nilijenga sawasawa. Ulikuwa umeshika mpira na mukono yako."

"Najua, Papa."

"Ukuta haijapasuka. Imeinama. Yote. Kama mutu anainama kunywa."

Mama alikuwa nyuma yetu na sahani ya pumba. Hakushtuka hata kidogo. "Mi najua," akasema. "Ule mutoto alikuwaka anaegemea kila kitu." Akaendelea kulisha samaki.

Fundi hakumaliza chai yake. Pale kwenye njia aliniambia chini chini nitoe maji yote, na nilipomuuliza anaogopa nini, alitazama ukingo wa bustani, pale tulipofukia, kisha akatazama mlima juu ya paa letu, na hakuchagua.

Sikutoa maji. Ningemwambiaje Mama?

Mlango wa chumba chako ukaanza kujifungua. Tunaufunga, tunageuka, tunasikia unakuja wenyewe, polepole, bila kelele, na unasimama wazi kabisa. Mama akawa anauacha. Akatandika kitanda chako shuka safi. Mimi nikapita pale nikitazama mbele.

Halafu mluzi. Ilikuwa mchana kweupe, jua kali kati ya mvua mbili, ninasahihisha kazi za watoto mezani. Nilisikia mluzi kutoka bustanini. Ulikuwa mmoja, mwembamba, mrefu, usiopumua, na ulikuwa unatoka chini. Si chini ya njia. Chini. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, uji unadondoka sakafuni. Tulitazamana. "Umesikia?" akaniuliza. Nikaweka kalamu mezani. Tulikaa hivyo, mama na mtoto, mpaka ukakatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

Siku ileile nilipanda nyuma ya nyumba. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nadhani nilitaka kuona mtu mkorofi amejificha anapuliza chupa. Juu ya choo, kwenye nyasi, nikakuta ardhi imefunguka. Ufa wenye upana wa kiganja, unakata shamba letu, unaingia kwa jirani, unaendelea, umenyooka kama mstari uliopigwa na rula. Niliingiza fimbo ndefu ya maharagwe. Haikugusa kitu. Hewa ya baridi ilikuwa inapanda kutoka ndani, ikanipiga usoni, na ilikuwa na harufu ya ziwa.

Hapo nilielewa nusu. Mlima ulikuwa unashuka, na sisi juu yake. Bwawa lilikuwa limetuonyesha tangu mwanzo, na sisi tukadhani ni wewe. Au ni wewe uliyekuwa unatuonyesha. Ile nusu nyingine mpaka leo sijaielewa.

Nilimwambia Mama twende kwa mjomba. Nikamwonyesha ufa. Aliuangalia kama mtu anavyoangalia barua ya mtu mwingine.

"Sitoke hapa, Nabintu. Nilimuacha aende peke yake mara moja. Ya pili, hapana."

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilieleza vizuri, na mikono, kama darasani: udongo, maji, uzito. Walinipa kiti, wakanisikiliza kwa heshima, wakasema huu mlima iko inapasuka tangu wakati wa Wabelgiji. Mkubwa wa avenyi, yaani wa mtaa wetu, alisema atapita kuona. Mama Faida yeye alikuwa na jambo lake. Alikuwa ameyaona maji yalivyosimama, na amesikia mluzi pia, kwa sababu nyumba yake ilikuwa palepale chini. Alikuja na akina mama wenzake wa kikundi cha sala, wakasimama mbele ya bwawa, wakapiga ishara ya msalaba.

"Mama Nabintu," akamwambia Mama, na alikuwa analia kweli, "ule mutoto tulimupenda sisi wote. Lakini mufu haikalake juu ya nyumba ya batu. Tuvunje hii kitu."

"Muvunje mi kwanza," Mama akajibu, akakaa juu ya ukingo, miguu inaning'inia, mwanamke mzee na kitenge chake, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Waliondoka. Maji nyuma ya mgongo wake yalikuwa yanaelekea ziwani kama supu kwenye sahani iliyoinuliwa.

Ikaja wiki ya mvua. Mvua ile ambayo haipigi, inakaa tu. Na asubuhi moja, nikiwa bado nafunga kitambaa kichwani, nikasikia Mama ananiita jina langu zima, Nabintu wa nani mwana wa nani, kama siku ya ubatizo.

Bwawa lilikuwa tupu.

Si kwamba limepasuka ukuta. Kuta zote nne zimesimama, nje ni kavu chini ya majani ya maua. Nilishuka mpaka kwa Mama Faida, ua wake hauna maji zaidi ya yale ya mvua. Kwenye sakafu ya bwawa kulikuwa na mstari mmoja, mwembamba kama unywele. Maji yote yale, mvua za miezi, yamepita hapo yakashuka chini. Kona ya ziwa kilibaki kidimbwi cha kufunika migongo ya samaki tu. Walikuwa hai. Wamejipanga, wametulia, wanaangalia ukuta.

Mama akapandisha kitenge, akavuka ukuta. Nilimpa mkono, akaukataa. Akalala kifudifudi juu ya saruji, akaweka sikio kwenye ule mstari. Nikavuka na mimi, nikalala kando yake, sikio langu karibu na lake, kama zamani tulipokuwa tunalala watatu kitanda kimoja, wewe katikati.

Nilisikia maji yanapita, mbali sana. Na juu ya maji nilisikia miguu. Watu wengi wanashuka bila haraka, hakuna anayezungumza. Mimi ni mwalimu. Najua kokoto zinavyoviringika, najua udongo uliolowa unavyoachana. Ninakuambia nilichosikia.

Mama akainuka, tope limemshika shavu. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyepewa jibu.

"Ameshuka," akasema. "Ile maji ilikuwa kwa sababu yangu. Sasa ameitoa. Hataki nibakie."

Halafu alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alishuka mpaka kwa Mama Faida, bila viatu, bila kitambaa kichwani, kitenge kimemganda mwilini. Mama Faida alikuwa anawasha jiko. Mama akasimama pale mlangoni pake akasema kwa upole kabisa:

"Mama Faida, Murhula ametoka mu maji. Iko chini ya nyumba yako."

Sufuria ilianguka. Hakuuliza swali. Alishika mtoto mmoja mgongoni, wawili mkononi, akatoka mbio akiita jina la Bikira Maria, na kwa kila nyumba aliyopita alipiga kelele kwamba marehemu wa bwawani ametoka. Mambo niliyoyaeleza wiki nzima kwa mikono na kwa heshima, yeye aliyamaliza kabla uji haujachemka. Watu walitoka. Wengine walikuwa wanacheka wenyewe huku wamebeba magodoro, lakini walitoka. Papa Cirhuza alifika akatusaidia kubeba mashine ya kushonea ya Mama. Samaki tuliwatia kwenye bidoni. Mama alifunga mlango wa chumba chako kwa ufunguo, na safari hii ulikubali kufungwa.

Tulikimbilia ua wa shule, mlima wa pili, mtu anaona kwetu vizuri. Mvua ikakatika. Mchana kukawa na mwanga ule mweupe, kila jani linaonekana. Watu walikuwa wameanza kunung'unika, wanataka kurudi wakapike.

Hakukuwa na mshindo. Kwanza mikaratusi ya juu ilianza kutembea. Imesimama wima, Murhula, inatembea, kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Halafu paa letu likageuka polepole, likatutazama. Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto mmoja aliuliza nyumba inakwenda wapi, mama yake akamziba macho.

Na bwawa. Udongo ulipofunguka, nilitegemea livunjike vipandevipande. Halikuvunjika. Lilishuka zima, juu ya tope, limenyooka sasa, sawa kabisa kama siku tulipolipima, maua ya Mama bado yamelizunguka. Lilipita pale ilipokuwa nyumba ya Mama Faida, likapinda penye njia, likaingia korongo linaloshuka ziwani. Lilikuwa linakwenda kama boti. Mama akasimama. Akainua mkono, akaupunga, kama mtu anayemuaga msafiri, mpaka halikuonekana tena. Ndipo sauti ya mlima ikatufikia, ikatupiga kifuani, na watu wakaanza kulia.

Katika mstari wetu wa nyumba hakuna aliyekufa. Kuku walikufa, na mbuzi wa watu. Nyumba, sijui hata niseme nini, hata pa kusimama ukasema hapa palikuwa na jiko hapapo. Pale tulipofukia kigogo pamekwenda pia.

Watu wanasema mengi. Wengine wanasema mzimu wa bwawa uliangusha mlima. Wengine ni wabaya zaidi, wanasema maji ya Mama ndiyo yalilainisha udongo, kwamba tulijenga kaburi la maji juu ya vichwa vya majirani. Hilo lilinichoma. Alikuja bwana mmoja anayejua mambo ya ardhi, akatembea na buti zake kwenye tope, nikamuuliza mbele ya watu. Alisema mlima ulikuwa unashuka kitambo, na bwawa kama lile ni kikombe cha chai juu ya mgongo wa ng'ombe. Nilimshukuru. Sikumuuliza kuhusu kigogo, wala kuhusu miguu. Mama Faida amepanga nyumba upande mwingine wa Bagira. Alituma salamu na kuku. Aliniambia nikupe asante, halafu akaniomba nisikuambie anakaa wapi.

Mama ni mzima. Hapa Miti analima maharagwe na mke wa mjomba, anarudi na udongo kwenye vidole, anakula, anasinzia akiwa amekaa. Jumapili iliyopita, padri alipoomba majina ya marehemu, alisimama akataja lako. Kwa sauti. Mara ya kwanza. Samaki mjomba amewarudisha kwa wenzao, na alipomwambia Mama yuko tayari kumjengea bwawa jingine hapa mbele ya baraza, Mama alitikisa kichwa: "Asante, kaka. Maji ya kuangalia nimemaliza." Siku ya kumaliza kilio imepangwa. Wazee watakuja. Furaha ametuma neno kwamba atavuka ziwa aje.

Kwa hiyo ni mimi niliyebaki na swali. Kama ulikuwa wewe, asante, mdogo wangu. Watoto watatu wa Mama Faida wanakwenda shule. Na kama hukuwa wewe, basi pale chini walikuwa ni nani, wengi vile, na walikuwa wanakwenda wapi? Ninapotembea uani hapa, kwenye ardhi tambarare ya mjomba, ninaweka mguu taratibu. Watu wanadhani ninaumwa.

Mama ameniomba jambo, nami nakuahidi wewe nitalifanya. Siku ya kumaliza kilio tutashuka mjini wote wawili, mpaka ufukoni, na ataingia na miguu yake kwenye ziwa. Ataangalia kila alichokataa kuangalia. Nitamshika mkono mmoja, sitauachia hata akivuta. Tukimaliza nitamrudisha huku, nitamlea mpaka azeeke kabisa, na jina lako litatajwa kila misa.

Lala, Murhula. Umechoka kutembea. Lakini nakujua, hutulii mahali. Ukitaka kutuona, pita barabarani, juu, mchana, kama watu. Nyumba ya mjomba inatazama njia, na mimi nitakufungulia. Ila nakuomba, mdogo wangu mpenzi, nakuomba kwa ziwa la mama yetu tulilonyonya wote: usipite chini tena.

Yaya wako,
Nabintu